Sikio na Kitabu

Wazee wetu walizihesabu hisi za mwanadamu wakaziita milango mitano ya fahamu. Katika milango hiyo, miwili hupitisha elimu nyingi kuliko mingine yote, nayo ni jicho na sikio. Jicho likichoka hufumbwa. Sikio halina kope. Usiku na mchana li wazi, na kila apitaye huweza kuingia, mwema kwa mbaya. Katika insha hii nataka kueleza jinsi sikio langu lilivyonifungulia mlango wa vitabu, na jinsi lilivyonitia aibu mbele ya wanafunzi wangu. Sielezi haya ili nisifiwe, wala ili nihurumiwe. Naeleza ili msomaji apate faida bila ya kulipa bei niliyoilipa mimi.

Nakaa Likoni, upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, nami nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari iliyo kisiwani. Anayeijua Likoni haniulizi maana ya kungoja. Kivuko chenyewe ni kifupi. Mtu aliyesimama ng'ambo hii huweza kuzitambua rangi za nguo za watu wa ng'ambo ile, na feri ikisha ng'oa huvuka kwa dakika chache. Lakini kabla ya kung'oa, watu husimama wamesongamana, jasho likiwatiririka, macho yakitazama maji na mkono ukishika mfuko. Kwa miaka mingi nalipoteza pale nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Kwa juma la siku 5 za kazi, hizo ni saa 5. Mtu akipotewa na shilingi 5 huinama akazitafuta. Mimi nalipotewa na saa 5 kila juma, wala sikuinama.

Mambo yaligeuka mwaka 2021. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo habari zilienea ulimwenguni kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, amepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alizaliwa mwaka 1948, akahamia Uingereza angali kijana, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, na riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Siku ya pili yake, katika chumba cha walimu, mwenzangu anayefundisha hisabati alinigeukia mbele ya watu akasema, "Mwalimu wa lugha, huyu ndugu yenu wa pwani ameandika nini?" Nalifungua kinywa, kisha nikakifunga. Jina nalikuwa nimelisikia, lakini kitabu sikupata kukishika hata kimoja.

Jioni ile mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliyekuwa akisoma chuoni, alinikuta barazani nimenuna.

"Shikamoo, mjomba. Mbona uso umeukunja?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeulizwa neno la kazi yangu mwenyewe nikakosa jibu."

Nilipomweleza, alicheka cheko la vijana, lisilo na dharau. Akaitwaa simu yangu, akaigusagusa kwa kidole, kisha akanirudishia pamoja na visikilizio vyake vya masikioni. "Mjomba," alisema, "pale feri unaposimama bure, waite waandishi waje wakusemeshe. Hawakatai wito, wala hawadai nauli."

Hivyo ndivyo nilivyozijua podikasti.

Yamkini wasomaji wengi wa insha hii wanazijua podikasti kuliko mimi, lakini si vibaya kueleza. Podikasti ni kipindi cha mazungumzo au masimulizi kilichonaswa kwa sauti na kuwekwa kwenye intaneti, ili kila atakaye akipate wakati atakao. Jina lenyewe si la zamani. Lilipendekezwa mwaka 2004 na mwandishi wa habari Mwingereza, Ben Hammersley, katika gazeti la The Guardian; aliliunga kutokana na jina la chombo cha muziki, iPod, na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Tofauti yake na redio ni kama tofauti ya feri na mtumbwi. Feri ina saa zake. Ikiondoka imeondoka, nawe uliyechelewa utabaki gatini ukiitazama. Mtumbwi umefungwa mtini kando ya nyumba yako. Waufungua utakapo, na ukichoka katikati ya safari waweza kutia nanga ukaendelea kesho. Desturi yangu ikawa kuvipakua vipindi shuleni, ambako intaneti ipo, kisha nikavisikiliza njiani bila ya gharama.

Nalishangaa kuona wingi wa vipindi vinavyohusu vitabu na uandishi. Mathalan, Idhaa ya Dunia ya BBC ilianzisha mwaka 2002 kipindi kiitwacho World Book Club, ambamo mwandishi huketi na kuulizwa maswali na wasomaji wa nchi mbalimbali juu ya kitabu chake kimoja mashuhuri. Gazeti la The New Yorker la Marekani lilianza mwaka 2007 kipindi cha hadithi fupi. Humo mwandishi mmoja huchagua hadithi iliyoandikwa na mwenzake, akaisoma kwa sauti tangu mwanzo hata mwisho, kisha akaijadili na mhariri Deborah Treisman. Jambo hili lilinifundisha adabu kubwa, yaani kwamba fundi wa kweli haoni haya kusifu kazi ya fundi mwingine. Huko Uingereza, mwaka 2015, kilianzishwa kipindi cha Backlisted, ambacho kazi yake ni kuvifufua vitabu vya zamani vilivyosahauliwa. Hapa kwetu Kenya, Kevin Mwachiro alianzisha Nipe Story, akawa anazisomesha kwa sauti hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Nilipoisikia sauti yenye lafudhi ya nyumbani ikinisimulia hadithi katikati ya zogo la kivuko, nalijiona kama mtoto aliyerudishwa miguuni pa bibi yake.

Faida nilizozipata ni nyingi, nami nitazitaja mbili tu. Ya kwanza ni kwamba nalijua waandishi ni watu. Zamani nalidhani kitabu hushuka kwa mwandishi kama mvua, naye kazi yake ni kukinga chombo. Katika vipindi vile naliwasikia wakubwa wa kalamu wakikiri kwamba waliandika wakafuta, wakaandika tena wakachana, na kwamba sura iliyowashinda waliiacha miezi mingi kabla ya kuirudia. Ya pili ni kwamba wengi wao huisoma kazi yao kwa sauti kabla ya kuitoa mikononi. Nalijaribu nami. Nalichukua hotuba niliyoiandika kwa siku ya wazazi, nikafunga mlango, nikaisoma. Sentensi ya tatu ilinikata pumzi kabla sijafika kituoni. Jicho langu lilikuwa limeipita sentensi ile mara nne bila ya kuona kosa; sikio lililiona mara moja. Tangu siku ile nimewaagiza wanafunzi wangu wazisome insha zao kwa sauti kabla ya kunipa, na wanaotii hupunguza makosa.

Tena nalijifariji kwamba kusikiliza si jambo geni kwetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, yaliishi katika vinywa na masikio ya watu kabla ya kuishi katika karatasi. Katika karne ile ile ya 19 Mwalimu Sikujua aliyahifadhi na kuyaandika mengi kati yake, na diwani yake haikupigwa chapa ila mwaka 1940. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, alipowekwa kizuizini tangu Desemba 1977 hata Desemba 1978, aliandika riwaya kwa Kigikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ, kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti. Ilipotoka mwaka 1980, watu walisomeana kwa sauti majumbani, katika mabasi na katika vilabu vya pombe. Mmoja akasoma na kumi wakasikiliza. Basi nani awezaye kusema kwamba sikio ni mlango wa nyuma wa elimu? Hivyo ndivyo nilivyojisemea, na katika maneno hayo hapakuwa na uongo. Uongo ulikuwa njiani unakuja.

Baada ya mwaka mmoja wa kusikiliza, nalikuwa mtu mwingine katika chumba cha walimu. Kikitajwa kitabu, nalikuwa na neno la kusema. Naliweza kueleza kwamba riwaya fulani imejengwa juu ya kumbukumbu, kwamba fulani huandika kwa ukimya zaidi kuliko kwa maneno, kwamba kitabu fulani kilieleweka vibaya kilipotoka. Mwenzangu wa hisabati aliacha kunicheka akaanza kuniuliza. Sifa ni tamu, nayo ina tabia ya kileo: anywaye kidogo hutaka kingi. Sikuwaambia watu kwamba nimevisoma vitabu vile; lakini sikuwaambia kwamba sikuvisoma. Nalijivika maoni ya watu wengine kama mtu aliyeazima joho la arusi, naye akasahau kwamba joho lina mwenyewe. Wakati huo huo vitabu vyangu nyumbani vilikuwa vikila vumbi. Saa ya kusoma ilikuwa imeliwa na saa ya kusikiliza, na mimi nalidhani nimeongeza elimu kwa sababu kelele kichwani zilikuwa zimeongezeka.

Mwaka 2023, siku moja ya Ijumaa, katika kipindi cha mwisho, nalisimama mbele ya Kidato cha Tatu kuzungumza juu ya vitabu. Nalichagua riwaya ya Gurnah, Paradise, iliyotoka mwaka 1994. Mwaka 2022 ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam kwa jina la Peponi. Juu ya riwaya ile nalikuwa nimesikiliza mazungumzo marefu mara mbili. Sitalitaja jina la kipindi, kwa kuwa hatia haikuwa yake.

Nalisema vizuri, sina budi kukiri hivyo. Naliwaeleza habari za Yusuf, mtoto wa miaka 12, ambaye baba yake alimtoa rehani kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni, naye mtoto akadhani kwamba anachukuliwa na jamaa yake. Naliwaeleza misafara ya biashara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda bara, na dola ya Wajerumani iliyokuwa ikikaza mkono wake katika miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Naliwaeleza bustani ya tajiri yule, nikasema kwamba ni mfano wa pepo iliyozungushiwa ukuta. Darasa lilitulia. Wengine waliandika.

Ndipo aliposimama binti mmoja, mkimya, ambaye kiti chake kilikuwa karibu na dirisha.

"Mwalimu," alisema, "sahifa ya mwisho imenisumbua. Kwa nini Yusuf alifanya vile?"

Msomaji wangu, fahamu kwamba wazungumzaji wale niliowasikiliza walikuwa waungwana. Walipofika karibu na mwisho wa riwaya walinyamaza, wakasema kwamba hawatautoboa mwisho wake wasije wakawaharibia utamu wale ambao hawajasoma. Basi sahifa ya mwisho mimi sikuijua. Nalisimama pale nikiwa na chaki mkononi, na vijana 42 wakinitazama. Jibu la kweli lilikuwa la maneno mawili tu: sijakisoma bado. Mtoto mdogo angeweza kuyatamka. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, yalinikwama kooni.

"Swali zuri," nalisema. "Mtoto aliyetolewa kwao, hata akienda mbali namna gani, moyo wake hubaki kwa wazazi. Yusuf alirudi kwao kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji."

Baadhi ya wanafunzi walipiga makofi. Yule binti hakupiga. Alinitazama kidogo, kisha akainamisha macho, akasema, "Ahsante, mwalimu," akaketi. Nami nikayaona macho yale yakiinama, nikajua kwamba nimekosea. Ila sikujua nimekosea kwa kiasi gani.

Kengele ilipolia na watu wakatawanyika, alikuja mlangoni pa chumba cha walimu, ameshika kitabu kwa mikono miwili kama ilivyo adabu ya kumpa mkubwa kitu. Kilikuwa Peponi, pembe zake zimelegea kwa kusomwa. Alisema amenunuliwa na shangazi yake. "Mwalimu, labda mimi ndiye niliyesoma vibaya," alisema. "Nimeweka kikaratasi pale."

Angalinicheka, ningalipata nguvu ya kukasirika. Angalinishtaki kwa wenzake, ningalijitetea. Lakini alichukua kosa langu akajitwika yeye, ili uso wangu usalimike. Mtu huyo alikuwa na umri wa miaka 16.

Jioni ile kivukoni sikutia kitu masikioni. Nalikifungua kitabu penye kikaratasi nikasoma sahifa ya mwisho nimesimama, watu wakinisukuma huku na huku. Hapakuwa na kurudi kwa wazazi. Alilolifanya Yusuf sikulitazamia hata kidogo, wala sitalisema hapa. Atakaye kulijua aende akasome. Na hiyo ndiyo haki ya mwandishi na faida ya msomaji. Njia ya mwongo ni fupi, husema Waswahili. Yangu ilikuwa fupi kuliko kivuko cha Likoni.

Usiku ule nalianza kitabu tangu sahifa ya kwanza, na nilikimaliza usiku wa Jumapili. Nataka nieleze nilichokiona, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha insha yangu. Wazungumzaji wale hawakunidanganya. Kila walichokisema nilikikuta ndani. Bustani ilikuwamo, lakini wao waliipitia kwa sentensi moja, nami nikaipitia kwa sentensi moja vilevile mbele ya wanafunzi. Katika kitabu sikuweza kuipita hivyo. Ilinibidi nikae dukani siku nyingi pamoja na yule mtoto, nitamani naye vivuli na maji yaliyo nyuma ya ukuta. Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani katika duka lile, alitajwa katika mazungumzo kama mtu apitaye njiani. Katika kitabu aliishi nami. Alimkaripia Yusuf, alimtania, alimfundisha kazi, alimkumbusha kwamba tajiri si jamaa yake; na kwa kicheko chake nalianza kuiona huzuni aliyokuwa akiificha. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba nimpende Khalil. Nalimpenda mwenyewe, polepole, kama tumpendavyo jirani.

Hapo nikatambua tofauti ambayo nalikuwa nimeichanganya kwa mwaka mzima. Kusikia kitabu ni jambo moja, na kusikia habari za kitabu ni jambo jingine. Wale waliosomewa riwaya ya Ngũgĩ ndani ya basi walikisikia kitabu. Neno la mwandishi liliwafikia neno kwa neno, nao wakacheka na kuhuzunika wenyewe. Wazee wetu waliohifadhi beti za Muyaka walikuwa na mashairi yenyewe moyoni. Hadithi ninazosomewa katika Nipe Story zinanifikia zenyewe, nami naweza kusema kwa haki kwamba nazijua. Lakini mimi sikukisikia Peponi. Nalisikia watu wakikisifu. Anayesikia sifa za pilau hatoki na harufu ya mdalasini mikononi, wala njaa yake haipungui. Na akiulizwa kama nyama ilikuwa laini, atabuni.

Siku ya Jumatatu naliingia darasani na kitabu mkononi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nalisema, "Ijumaa niliwadanganya. Niliulizwa swali juu ya kitabu ambacho sikukisoma, nami nikabuni jibu. Jibu langu lilikuwa uongo, na aliyeuliza alikuwa amesoma vizuri kuliko mwalimu wake." Kisha nikamrudishia binti kitabu chake mbele ya wote, kwa mikono miwili.

Ukimya ulikuwa mzito. Halafu kijana mmoja wa kiti cha nyuma, mtundu lakini mwenye akili, alinyosha mkono. "Mwalimu, na vile vitabu vingine ulivyotuambia?"

Swali lile lilinichoma kuliko la kwanza, kwa sababu lilikuwa la haki. Mtu akikutwa na senti moja bandia, mfuko wake wote hukaguliwa. Nalichukua chaki nikapiga mstari katikati ya ubao. Upande mmoja niliandika NIMESOMA, upande wa pili NIMESIKIA. Nikavipanga pale vitabu nilivyowatajia mwaka ule, kimoja kimoja. Vilikuwa 11. Vilivyoangukia upande wa kusoma vilikuwa 4. Vilivyobaki vyote viliangukia upande wa pili, na chaki iliponifikisha chini ya ubao nilikuwa nimeinama kama mtu anayerukuu.

Nalitazamia dharau. Badala yake kijana yule wa nyuma alifungua daftari akapiga mstari katikati ya karatasi. Jirani yake akamwiga. Baada ya kitambo kidogo darasa zima lilikuwa likiandika, na nilipopita kati ya madawati naliona wengi wao wana hali kama yangu. Hadithi walizozijua kwa muhtasari na kwa masimulizi ya wenzao waliziandika upande wa pili bila ya kulazimishwa. Ukweli wa mtu mmoja ulikuwa umewapa wengine ruhusa ya kuwa wakweli.

Kabla ya kengele nalimgeukia yule binti. Kuuliza si ujinga, na siku ile zamu ya kuuliza ilikuwa yangu. "Sasa nimekisoma," nalimwambia. "Nami swali lako limenishinda. Wewe waonaje?"

Alifikiri, akasema, "Mwalimu, nadhani mtoto ambaye wengine wamemchagulia maisha yake yote, siku ya kwanza anapochagua mwenyewe hachagui vizuri. Anachagua tu."

Nimesikiliza vipindi vingi kabla ya siku ile na baada yake, vya mabingwa wenye shahada na vitabu kwa majina yao. Jibu kama lile sijalisikia. Nalo halikutoka katika sauti ya mtu mwingine yeyote. Lilitoka katika kitabu kilicholegea pembe.

Msomaji aweza kuniuliza, je, podikasti nimeziacha? La, sikuziacha. Mtu aliyeteleza kwenye ngazi haibomoi nyumba. Zingali ziko nami kivukoni asubuhi na jioni, na bado nazishukuru, kwa kuwa bila ya hizo huenda hata jina la Yusuf nisingalilijua. Ila nimejiwekea masharti. Nikisikia kitabu kinasifiwa hata moyo ukatamani, nakiandika katika daftari langu lenye safu mbili, upande wa kusikia. Nacho hukaa pale mpaka nikisome. Mazungumzo marefu juu ya kitabu kimoja nayasikiliza baada ya kukisoma, si kabla, ili niwe na neno langu la kulipima neno la wengine. Nikiulizwa juu ya kitabu kilicho katika safu ya pili, nasema maneno mawili yale yaliyonikwama kooni mwaka 2023. Mara ya kwanza yalikuwa machungu. Sasa yamekuwa mepesi, na nimeona ajabu moja: mtu akisha sema kwamba hajasoma, wenzake huacha kumpima wakaanza kumfundisha.

Mwenzangu wa hisabati, nilipomweleza habari hii yote, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanyamaza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumwazima Peponi. Nalimjibu kwamba nimejinunulia nakala yangu, ila kwa sasa imo mikononi mwa mpwa wangu, yule aliyenitia visikilizio masikioni, kwa kuwa naye alikuwa amekisikia tu.

Nanyi vijana mnaosoma sahifa hii, mmezaliwa katika zama ambazo sauti za ulimwengu mzima zaweza kukaa katika kiganja cha mkono. Hiyo ni neema, msiikatae. Sikilizeni waandishi wakisema, jifunzeni kwao uvumilivu wa kazi na utamu wa lugha. Lakini sauti ikisha waelekeza penye mlango wa kitabu, ondoeni visikilizio, mwingie. Humo ndani hakuna atakayewasemea. Mtakuta mtu asiyewajua akiwangojea kwa subira, na mtakalomjibu litakuwa lenu.